Tshangalele si dimbwi la kiwanda

Hoja yenyewe nimeisikia darasani, nimeisikia kwenye gari la Lubumbashi, nimeisikia hata kwa wavuvi wenyewe, na kila mara husemwa kwa utulivu wa mtu asiyetazamia kubishiwa. Inasema hivi: Tshangalele si ziwa la Mungu. Wazungu wa Union Minière waliuziba mto Lufira pale Mwadingusha ili wapate umeme wa kazi yao ya shaba, maji yakajaa, ndiyo haya tunayoyaona. Kilichotengenezwa kwa ajili ya shaba kiitumikie shaba. Kama maji machafu ya viwanda vya Likasi yanaishia humo, ndipo mahali pake. Mambo ya bayoanuwai ni ya Virunga na sokwe wake, ya Salonga na bonobo. Sisi watu wa Katanga tulipewa mawe.

Mimi ni mwanafunzi wa biolojia hapa Likasi, na ninaandika kuipinga hoja hiyo yote, tangu mzizi wake. Kwa upande wa sayansi si kweli. Kwa upande wa haki ni dhuluma. Samaki, matete, ndege na miombo inayolizunguka Tshangalele ndio utajiri pekee wa bonde hili ambao maskini huufikia bila kibali cha mtu. Anayesema uachwe ufe hatoi mali yake. Anatoa ya mwenzake.

Tuanze na asili ya ziwa, maana hapo ndipo wengi huona wameshamaliza mjadala. Ni kweli kwamba bwawa ni kazi ya binadamu. Maporomoko yaliyokuwa Mwadingusha Wabelgiji waliyaita kwa jina la Jules Cornet, mwanajiolojia aliyepita Katanga na msafara kati ya 1891 na 1892 akiyapima madini yetu, na kituo cha umeme kilichoanza kazi mwaka 1930 wakakiita kwa jina la Francqui, mmoja wa viongozi wa msafara uleule. Majina yao yalibandikwa juu ya mto, lakini mto haukuwa wao. Lufira ulikuwapo na vinamasi vyake, samaki wake na watu wake, wakiwamo Wasanga, ambao nchi yao iliyeyusha shaba kwa tanuri za udongo vizazi vingi kabla kampuni yoyote haijaandikishwa Brussels. Bwawa lilichofanya ni kuyatandaza maji yaleyale juu ya tambarare pana. Pakawa na ziwa la kina kifupi, sehemu kubwa mita chache tu. Katika maji ya namna hiyo mwanga hupenya hadi karibu na chini, mwani na magugu huota, samaki hupata chakula na mahali pa kutagia, na kingoni matete husimama kwa wingi ambao mto peke yake usingeweza kuubeba. Viumbe waliokuwa wakiishi kwa kubanana kando ya Lufira walipanua makao yao. Wamekaa hapo sasa kwa karibu karne nzima. Ni vizazi vingapi vya ndege hivyo? Ni vizazi vingapi vya samaki?

Kuna ndege mmoja ambaye peke yake anatosha kuivunja hoja ya ziwa lisilo na asili. Mwaka 1960, mwaka wa uhuru, mtaalamu wa wanyama kutoka Ubelgiji, Jean-Claude Ruwet, alipata kando ya ziwa hili ndege wa jamii ya mnana, mwenye manjano mwilini na kinyago cheusi usoni. Ilipita miaka 22 ndipo Michel Louette na mwenzake Benson walipoandika kwamba ndege yule si wa aina yoyote iliyokuwa ikijulikana, wakamwita Ploceus ruweti. Kisha kimya tena. Ilikuwa mwaka 2009 ambapo Louette, safari hii pamoja na Michel Hasson, alitangaza katika jarida la wataalamu wa ndege kwamba mnana huyo amepatikana upya, palepale Tshangalele. Nadhani wavuvi wa Kapolowe, kandokando ya ziwa, hawakuwahi kumpoteza. Ni vitabu vilivyompoteza. Tangu hapo ameonekana pia sehemu nyingine za Katanga, lakini hajulikani kuishi nje ya Katanga popote duniani.

Sasa ninawauliza wanaosema ziwa hili ni la kiwanda: mnana huyu ni wa kiwanda gani? Hakuna aliyemfuga, hakuna aliyemleta kwa meli. Alikuwa mtoto wa vinamasi vya nchi hii, na ziwa lilipotanda aliona kingo mpya za kujengea kiota akajenga. Asili haiulizi ukuta ulijengwa na nani. Inauliza kama kuna maji, kama kuna matete, kama kuna wadudu. Na kinyume chake pia ni kweli. Ziwa Viktoria ni la asili kabisa, hakuna kampuni iliyolichimba, lakini sangara aliyepandikizwa humo katika miaka ya 1950, pamoja na uchafuzi uliofuata, alichangia kuangamiza aina nyingi mno za furu ambazo hazikupatikana penginepo. Asili ya ziwa lile haikuwakinga furu. Basi tusiifanye historia ya ukuta wa Mwadingusha kuwa hati ya kuwahukumu viumbe walio nyuma yake.

Na serikali yetu yenyewe haikuona kwamba bonde hili ni la mawe tu. Mwaka 1982, mwaka uleule ambao mnana wa Ruwet alipewa jina, bonde la Lufira liliingizwa katika orodha ya UNESCO ya hifadhi za baiyosfia. Mwaka 2017 Bonde la Lufira likaandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar miongoni mwa ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Nchi iliweka sahihi yake mbele ya dunia. Mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba Katanga haina cha kuhifadhi anapingana na sahihi ya nchi yake.

Lakini hata kauli kwamba tulipewa mawe, ukiichunguza, inawageukia wasemaji. Vilima vya shaba vya Katanga si mawe matupu. Juu yake huota mimea iliyozoea udongo ambao ungeua karibu kila mmea mwingine. Wataalamu wamehesabu zaidi ya spishi 500 zinazostahimili udongo huo, na zaidi ya 30 kati yake hazipatikani kabisa nje ya vilima hivi. Mmoja wao, Haumaniastrum katangense, hupenda udongo wenye shaba kiasi kwamba wanaakiolojia waliufuata kutafuta mahali zilipokuwa tanuri za kale: palipostawi maua yake, chini yake mara nyingi palikuwa na mabaki ya kazi ya wahenga wetu. Mmea uliwatunzia historia ambayo hakuna aliyeiandika.

Mwingine hakubahatika. Acalypha dikuluwensis, mmea wa udongo wa shaba na wa hapahapa, ulitangazwa mwaka 2012 na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, kuwa umetoweka duniani. Machimbo yaliula udongo wake. Nimeuliza wanafunzi wenzangu kama wanaujua. Twiga na faru wanawajua wote, ingawa hawajawahi kuwaona. Mmea wa Katanga uliokufa katika ardhi ya Katanga, hakuna aliyekuwa amelisikia jina lake.

Mtu atasema: ni jani tu, lina faida gani? Ninamjibu kwa faida, kwa kuwa ameuliza faida. Kule Lubumbashi kuna mtaa wa Penga Penga, ambao udongo wake uliharibiwa na moshi wa bomba kubwa la kiwanda kwa miongo mingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walipotafuta namna ya kuufunika udongo ule ili vumbi lake lisiingie vifuani mwa watoto, hawakuagiza dawa kutoka ng'ambo. Walichukua nyasi za vilima vya shaba, Microchloa altera, wakazipanda, nazo zikashika. Udongo uliochafuliwa na shaba ulihitaji mmea uliojifunza kuishi na shaba kwa maelfu ya miaka. Mmea huo tungekuwa tumeupoteza kabla ya kuuhitaji, maabara zote za dunia zisingeurudisha. Likasi nayo ina marundo yake ya masalio ya viwanda. Siku tutakapoamua kuyafunika, tutahitaji mimea kutoka vilima ambavyo leo vinasagwa.

Ninakuja sasa kwenye hoja ambayo ndiyo nguzo ya zote: kwamba shaba ndiyo inayotulisha, na mengine ni starehe ya walioshiba. Hii siipuuzi. Mji wangu umezaliwa na shaba. Ulipoitwa Jadotville ulibeba jina la mkubwa wa Union Minière, na hata leo ukiondoa kiwanda cha Shituru na migodi, sijui ungesimama juu ya nini. Baba zetu wengi walilipwa na kampuni ya shaba ya serikali, Gécamines, wakatibiwa na Gécamines, wakasomeshwa na Gécamines. Lakini historia hiyo isomwe hadi ukurasa wake wa mwisho. Mwaka 1986 kampuni hiyo ilizalisha tani zipatazo 476,000 za shaba. Mwezi Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na katika miaka michache iliyofuata uzalishaji ulishuka hadi sehemu ndogo ya ule wa zamani. Mishahara ikakatika. Kati ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wakalipwa fedha kidogo na kufungiwa mlango.

Katika miaka ile, nani aliyetulisha? Waulizeni wazazi wenu, msiniulize mimi niliyezaliwa baadaye. Watawaambia kuhusu mashamba yaliyofunguliwa kando ya mji, kuhusu makaa ya kupikia yaliyochomwa miomboni, kuhusu uyoga wa mvua za kwanza na finkubala, yaani viwavi, waliokaushwa na kuuzwa kwa kopo, na kuhusu samaki wa Kapolowe waliofika sokoni kwa baiskeli. Mabwana waliokuwa na namba za kazini walijifunza kutupa nyavu. Shaba ilipokufa, kilichobaki ni vilivyo hai. Na vilibaki kwa sababu hakuna aliyekuwa amevimaliza. Mwenye kusema kwamba shaba peke yake ndiyo iliyotulisha Katanga ameufuta muongo mzima wa maisha ya wazazi wetu.

Leo shaba imerudi kwa nguvu. Tangu 2024 nchi yetu inahesabiwa ya pili duniani kwa kuzalisha shaba, nyuma ya Chile, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka katika udongo huu. Hata mitambo ya Mwadingusha ilifanyiwa ukarabati kwa fedha za mgodi, na mwaka 2021 ikarudi kutoa megawati 78, sehemu kubwa kwa ajili ya mgodi wa Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi. Sina ugomvi na umeme. Lakini angalieni hesabu inavyokwenda: maji ya Tshangalele yanageuka nguvu, nguvu inasafiri hadi mgodini, shaba inasafiri hadi bandarini, na Wakongo wengi bado wanawasha taa ya mafuta au simu. Kinachobaki mikononi mwa mkazi wa ziwani ni samaki. Ukimwambia akubali kumpoteza huyo samaki kwa ajili ya maendeleo, umemwambia atoe kitu cha mwisho kwa ajili ya wale waliokwisha kuchukua vingine.

Sheria yenyewe inajua kwamba madini huisha. Sheria ya madini ilipofanyiwa marekebisho mwezi Machi 2018, ilipanga kwamba asilimia 10 ya mrabaha iwekwe katika mfuko wa vizazi vijavyo. Wabunge wetu walikiri kwa kalamu kwamba siku itafika mashimo yatakuwa matupu, na wajukuu watauliza walichoachiwa. Ninaheshimu kukiri huko. Ila mfuko wa vizazi vijavyo ulio mkubwa kuliko wote hatukuuanzisha sisi, na haukai benki. Ngege anayetaga kila msimu, nyuki wa miombo, kiwavi kwenye jani la mti anayerudi mwaka hata mwaka bila kupandwa na mtu: hivyo ndivyo vinavyojilipa vyenyewe, vikiachiwa tu mtaji wao. Hakuna mgodi duniani unaojaza shimo lake usiku wakati wachimbaji wamelala.

Basi wenzangu wanaposhindwa hapo, hukimbilia hoja ya mwisho, nayo ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu hutumia kazi ya wanasayansi kuwaua wanaosomwa na wanasayansi. Husema: ziwa limekwisha haribika. Tafiti zimethibitisha. Ya nini kulia juu ya maiti?

Tafiti zipo, na nimezisoma. Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kusini mwa Katanga wana kobalti katika mkojo kwa kiasi kilichozidi chochote kilichowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida, na watoto walizidi watu wazima. Mwaka 2010 Katemo Manda na wenzake walifuata metali hizo katika bonde la Lufira ya juu, wakazikuta katika mlolongo wa chakula cha viumbe wa majini, samaki wakiwamo. Mwaka 2016 utafiti mwingine ukapima samaki wa Tshangalele na kukuta kobalti na metali nyingine kwa viwango vya kumtia wasiwasi yeyote anayewala kila siku. Njia ya sumu haina siri. Kiwanda cha Shituru kilianza mwaka 1929, kikafuatwa na vingine. Maji ya eneo hilo la viwanda huteremka kwa vijito kama Panda hadi Lufira, na Lufira humwaga ziwani.

Lakini tafiti hizo hazikusema kwamba ziwa limekufa. Zilisema kwamba ziwa liko hai na linakula sumu, na kwamba sisi tunalila. Hizo ni habari mbili tofauti kama mbingu na ardhi. Samaki mwenye kobalti mwilini ni samaki aliyevuliwa jana, akauzwa leo asubuhi, na jioni hii yuko kwenye sahani na bukari, ugali wetu. Ukisema limekwisha haribika, tuache, hujaacha ziwa, umemwacha mlaji. Maiti hailiwi.

Na hapa ndipo wingi wa aina za viumbe unapokuwa jambo la uhai na afya. Metali hazigawanyiki sawa ziwani. Nyingi hushikamana na chembe za udongo na kutulia katika tope, hasa mahali ambapo matete na mafunjo hupunguza mwendo wa maji. Kiumbe anayetafuta chakula katika tope hukutana nazo kwa namna moja, anayekula mwani kwa namna nyingine, anayewinda samaki wadogo kwa namna ya tatu. Kwa hiyo ziwa lenye aina nyingi za samaki bado linampa mama wa Kapolowe uchaguzi: akiambiwa aina ipi ina sumu kidogo, ataipikia watoto hiyo. Ziwa lililobakiwa na aina moja au mbili halimpi chochote cha kuchagua. Na tunajua ni nani hubaki maji yanapoharibika. Hubaki wagumu kama kambale, anayeweza kuvuta hewa ya juu pale maji yanapokosa oksijeni, na ambaye tumbo lake halibagui. Ngege na wenzake huondoka kabla.

Vivyo hivyo matete. Wapo wanaoyaona kuwa uchafu wa kuchomwa ili papatikane bustani. Tope lililofungwa na mizizi hukaa. Tope lililofunguliwa na kukauka, kisha likachukuliwa na mvua ya Desemba, husafiri. Litapita Mwadingusha, litapita bwawa la Koni, na Lufira utalifikisha Lualaba katika bonde la Upemba, kwenye maziwa yanayolisha watu wengine ambao hawajawahi kuiona Shituru. Kinamasi kinachokamata sumu hatukukilipa mshahara hata siku moja, na bado kinafanya kazi ambayo kiwanda kilipaswa kuifanya kwenye lango lake.

Kama kuna anayedhani kwamba mto uliochafuliwa hauwezi kuchafuka zaidi, avuke mpaka akaulize Zambia. Tarehe 18 Februari 2025 ukuta wa bwawa la masalio ya mgodi kule Chambishi ulipasuka, maji yenye asidi yakaingia katika mto unaomwaga Kafue. Samaki walikufa kwa wingi, mashamba ya kingoni yakaungua, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba. Kafue haukuwa mto safi kabla ya siku hiyo. Ulikuwa umebeba migodi kwa miongo. Ila ulikuwa na uhai, na watu walikuwa wakiishi kwa uhai huo. Kati ya mto mgonjwa na mto uliouawa kuna tofauti ya maelfu ya sahani.

Imebaki lawama kwamba uhifadhi ni jambo la wageni. Hapa sitajifanya sielewi hasira. Hifadhi ya Upemba ilianzishwa mwaka 1939 na wakoloni, kwa amri, na wenyeji waliambiwa ghafla kwamba mahali walipowinda babu zao si pao tena. Mtu aliyerithi kumbukumbu hiyo ana haki ya kushtuka akisikia neno hifadhi. Lakini kuchunga msimu hatukufundishwa na Ubelgiji. Kwa majirani zetu Wabemba machifu walifunga na kufungua wakati wa kuokota viwavi, ili wakomae na kuacha mbegu, na anayekiuka alijibu mbele ya wazee. Walijua kwamba miti ikikatwa kwa ajili ya kuvuna kiwavi mara moja, mwaka ujao hakuna kiwavi. Wale walioutupa ujuzi huo, kwanza kwa kuitwa washenzi na baadaye kwa kuitwa watu wa maendeleo, ndio wageni katika jambo hili.

Mvuvi mmoja mzee wa Kapolowe, nilipomweleza faida ya kufunga uvuvi samaki wanapotaga, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, umesema vizuri. Sasa ukinifungia ziwa wakati wa mvua, watoto nitawapikia bukari na nini?" Nikamjibu, "Ni kweli, baba," na tangu siku ile sijasimama mahali popote kutetea kufunga ziwa bila kutaja chakula cha nyumba zinazofungiwa. Akaongeza jambo ambalo wenye mamlaka wanapaswa kulisikia: wavu wake mdogo unakamatwa na kuchomwa, lakini maji yanayotoka mjini hayajawahi kukamatwa.

Chandarua kinachotumiwa kuvulia kinaangamiza vifaranga vya samaki, hilo silifichi, na wavuvi wenyewe wanalijua. Ila haki haianzii kwenye chandarua. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira salama, na kifungu cha 54 kinasema kwamba uchafuzi au uharibifu wowote unaotokana na shughuli ya kiuchumi unadai fidia au matengenezo. Maneno hayo hayakuandikwa kwa ajili ya mvuvi mwenye mtumbwi mmoja. Yaliandikwa kwa ajili ya bomba.

Ila mtu hawezi kudai fidia kwa madhara asiyoweza kuyaonyesha, na hapa lawama inaturudia sisi tunaosoma. Kazi nyingi kuhusu ziwa hili, za maprofesa na za wanafunzi, zimeandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, zikatetewa mbele ya jopo, zikapigiwa makofi, zikawekwa kwenye rafu. Mama anayeuza samaki kando ya barabara ya Lubumbashi hajapata hata karatasi moja ya kumwambia kambale na ngege wanatofautiana vipi, mwezi upi maji ni mabaya zaidi, upande upi wa ziwa ni salama kidogo kuliko mwingine. Amepimiwa samaki wake, lakini hakuambiwa jibu.

Wapo watakaosema kwamba ukiyatangaza hayo sokoni, bei itaanguka na wavuvi watakufa njaa. Ninaona kinyume. Leo wanunuzi husikia uvumi, na uvumi huwaangusha samaki wote kwa pamoja, wazuri na wabaya. Vipimo vinavyorudiwa kila msimu, aina kwa aina, vikibandikwa kwa Kiswahili pale Kapolowe na katika masoko ya Likasi, vitamwachia mvuvi biashara ya samaki walio salama, na kwa wale wasio salama vitampa karatasi ya kupeleka mahakamani pamoja na kifungu cha 54. Vyuo vyetu vina wanafunzi wanaotafuta mada za kumaliza masomo kila mwaka. Mada hii hapa, na mimi nimeshaandika jina langu kwenye orodha ya watakaopima.